Nilivyopiga msasa mashairi ya babake Mama Picha

Wakuu, salamu kutoka Sosiot. Mvua imekata stima na simu iko na chaji kidogo, kwa hivyo sitazunguka. Ninayowaambia yalinipata mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Anayetaka chumvi aende thread za siasa.

Mimi ni mzee wa karibu miaka tisini na natype kwa kidole kimoja. Mnivumilie.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa masanduku ya chai, kiwanda kimoja upande wa Kericho. Vijana hamkuyaona hayo masanduku. Mbao nyembamba, kona za bati, chai inajazwa ndani inaenda ng'ambo.

Mbao ikiwa na alama za zamani, tuliipiga msasa mpaka ing'ae ndio ipigwe alama mpya. Supervisor akiona hata herufi moja imebaki, unarudia kazi yote. Mkono ukazoea. Kwangu mbao yenye maandishi ilikuwa mbao chafu, basi.

Sasa, karibu na kiwanda aliishi mama mmoja Mzungu, mjane wa miaka kama sabini. Tulimwita Mama Picha kwa sababu ukuta wake wote ulikuwa picha. Alizichora babake huko kwao, enzi za Malkia Victoria.

Mume alipokufa aliamua kurudi Uingereza. Akaniomba kwa meneja nimtengenezee masanduku ya kubeba zile picha. Zilikuwa saba, zimechorwa juu ya mbao.

Kila jioni nikipima kule kwa veranda, alinipa chai na kunisimulia habari za babake. Huyo mzee alichora wanawake wakifua na kuanika nguo mtoni. Sio malkia, sio majenerali. Kumbe alikuwa mshairi pia. Shairi lake moja lilitoka gazetini, watu wakalicheka vibaya sana, akaapa hatachapisha tena maisha yake yote. Lakini hakuacha kuandika.

Mama Picha alinisomea mashairi hayo kwa kichwa, kwa Kizungu, halafu ananieleza kwa Kiswahili chake cha shambani. Nilipenda, wakuu. Mimi fundi wa mbao, nilikuwa naenda nyumbani nikiyarudia njiani.

Sikuwahi kumuuliza yameandikwa wapi. Nilidhani yako kwa kitabu kama ya watu wengine.

Siku ya packing alienda Kericho kushughulikia karatasi za meli. Nikateremsha picha peke yangu. Nyuma zilikuwa nyeusi kwa moshi na utando wa buibui, na chini ya moshi kulikuwa na maandishi ya penseli, yamefifia.

Mnajua nilichofanya.

Nilitaka kumfurahisha, ndio inaniuma. Nilipiga msasa zote saba, taratibu, mpaka zikawa nyeupe kama mpya. Nikazifunga kwa blanketi, nikazitia masandukuni. Nilikuwa napiga msumari wa mwisho aliporudi.

"Fundi, ngoja kwanza," akasema. "Mimi nataka kuandika ile mashairi ya baba iko nyuma ya picha. Kitabu nimenunua, hii hapa."

 Hapo ndipo nilijua yale maandishi ya penseli yalikuwa nini.

Nikamjibu, "Nimeshapiga misumari, Memsahib."

Akacheka. "Basi, nitaandika nikifika nyumbani. Iko salama zaidi ndani."

Nikasema ndio. Nikachukua nyundo yangu nikaondoka. Nyundo ilikuwa mkononi mwangu, wakuu, ningeweza kung'oa ile misumari na kumwambia ukweli. Niliogopa kazi yangu, na zaidi niliogopa uso wake.

Baada ya miezi mingi barua ikaja kiwandani kwa jina langu. Aliiandika kwa Kiswahili chake kile kile ili nisome mwenyewe:

"Fundi, picha yote imefika, hakuna moja imevunjika. Nyuma nimeona. Mimi najua wewe hukufanya kwa ubaya. Lakini mimi ni mzee sasa, kichwa inasahau upesi, nakumbuka mbili tu. Hakuna mtu mwingine nilisomea, ni wewe. Kama unakumbuka hata kidogo, niandikie."

Nilikuwa nakumbuka! Moja, babake alimwandikia mkewe aliyekufa. Kwa Kiswahili changu linaenda hivi:

Umeanika shuka ukaingia ndani;
mvua ikinyesha utatoka kuianua.
Mimi niko hapa uani tangu asubuhi,
na hujatoka kunianua.

Mistari minne. Dakika tano za kuandika. Nilinunua stempu na bahasha kabisa. Lakini nikishika kalamu nawaza nianze na pole gani, naweka chini. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Mwaka uliofuata mpishi wake wa zamani akaniambia amepata habari kwa jamaa za huyo mama. Mama Picha amefariki.

Msasa nimeshajisamehe, nilikuwa sijui. Barua sijajisamehe. Alishanisamehe hata kabla sijaomba, alitaka tu nilichokuwa nacho kichwani, na mimi nikamnyima kwa kuona haya.

Ukikosea mtu, mwambie siku hiyo hiyo, hata kwa maneno mabaya. Usingoje mpaka upate maneno mazuri.

Nimalizie hapo, chaji inaisha. Kama kuna mtu hapa ana barua au message ya mtu mzee hajaijibu, akaijibu kwanza ndio arudi anitukane. Nitasoma comment zote, polepole.