Siku Tope la Ndiva Liliponitoa Kalavatini

Bora niwasimulie mwenyewe, maana mtaani inasimuliwa vibaya zaidi, na mpaka leo kuna watu Lushoto wakiniona wananiuliza samaki hawajambo, nami najibu hawajambo, nitafanyaje.

Kazi yangu ilikuwa kufunga vibao ndani ya kalavati la barabara ya kijijini kwetu. Mle ndani zege ni laini, maji yanapita kwa kasi, samaki wanaopanda juu kuzaa wanarudishwa nyuma, lakini ukifunga vibao sakafuni maji yanatulia na samaki anapata pa kupumzika. Ni kazi ya maana (naapa). Shida ni kwamba nilikuwa nimepeleka posa kwa Zaina, na mama yake ameshatamka mbele za watu kwamba hamwozi mwanawe kwa mtu anayewajengea samaki ngazi. Nikamwalika huyo mama aje aone kwa macho yake, akasema sawa, na jibu la posa atalitoa siku hiyohiyo.

Sasa kwetu, kabla hujaingia mtoni unapita kwa Mzee Shekiza, kaka yake Mama Zaina, anayesimamia ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, akuambie kama maji yanafunguliwa. Ila salamu zake jamani, utaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za mbuzi, kwa Kishambaa kisha kwa Kiswahili, na mimi nimechelewa, basi nikainama nikakata nyuma ya migomba yake.

Watu wakajaa barabarani, Mama Zaina mbele kabisa, nami nikachuchumaa kalavatini nikaanza kuhutubia kitaalamu, "Hapa ndipo samaki atakapopumzika," nikasikia ngurumo, nikadhani lori. Kumbe ndiva imefunguliwa, inasafishwa. Tope la msimu mzima likanibeba mimi, vibao na spana, tukatokea upande wa pili wote pamoja isipokuwa suruali, iliyonasa kwenye bolti niliyoikaza vizuri sana.

Mama Zaina akageuza uso, akavua kanga ya juu akanirushia bila kuniangalia. Nikajifunga. "Shikamoo mama," nikasema, tope likinitoka mdomoni. Hakuitika.

Mzee Shekiza akaja anahema. "Pole mwanangu. Nilikuona unapita nyuma ya migomba umeinama, nikadhani umebanwa na tumbo, nikakustahi."

Hapo ndipo Mama Zaina aliponitazama. "Suruali kuvuka ni ajali, haina neno. Lakini kaka yangu umempita hujamsalimia, na binti hujampata bado. Ukishampata, si utanipita na mimi?"

Posa ikarudi jioni ileile.

Vibao nilivifunga upya, kwa ruhusa, na samaki wanapanda. Zaina ameolewa Mombo. Nilialikwa harusini, nikaenda, iliniuma sana, na nikawasalimia wazee wote mmoja mmoja, hata waliokuwa wamesinzia.