Anayeonja Kwanza

Hebu mwone Pélagie akishuka kwenye gari kituo cha Rwekubo jua likiwaka, mkono mmoja umemshika bintiye Sonia asikimbilie barabarani, mwingine umeegemea tumbo. Ana mimba ya miezi minne. Ametoka kwa daktari Mbarara, alikompeleka Sonia asiyeshika masomo, na maneno aliyoambiwa hajui ayaweke wapi, maana kesho kasiksi yake inaiva.

Kasiksi ni pombe ya ndizi. Aliijua kwa mama yake kule Fizi, Kongo, akaja nayo kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kichwani tu. Mvua ikigoma na mahindi kukauka, pipa la kasiksi ndilo linalolisha nyumba. Mumewe Thaddée, mwimbaji wa kanisa, hagusi hata tone. Unga unaonunuliwa kwa pombe hiyo lakini anaula.

Sasa, ndugu yangu, uijue desturi ya wateja wake. Watu hawa wanaogopa sumu kuliko njaa. Hakuna anayepokea kikombe kabla aliyepika hajakionja mbele ya macho yake. Kila mteja, funda moja. Ndiyo adabu, ndiyo kazi, na Pélagie hajawahi kuiita kunywa.

Kwa hiyo kule Mbarara daktari Norah, aliyekulia kambi ya jeshi na Kiswahili chake cha askari, alipouliza kama mimba ya Sonia aliibeba akinywa pombe, Pélagie alikaribia kukasirika.

"Miye? Niko mukristo, daktari. Sinywake."

"Hata kidogo?"

"Naonjaka tu, ya wateja."

"Wateja wengi?"

"Mingi, aksanti Mungu."

Sonia, miaka minane, alikuwa akifungua na kufunga droo ya meza. Ukimtuma chumvi atarudi na jiwe zuri, wala si ukaidi.

"Mama, sikia. Ubongo ya mtoto inajengwa ndani ya tumbo," akasema Norah. "Chembe zake zinaitana. Kila moja iko na vipokezi, kama masikio madogo ya kusikia zingine. Pombe ya mama inafika kwa mtoto. Masikio mengine inaziba, mengine inachokoza, na ubongo inajengwa hivyo hivyo. Siwezi kuapa ni hiyo peke yake. Lakini inafanana."

"Basi fungua ile yenye iliziba."

"Hiyo hatuwezi. Huyu tutamsaidia kujifunza polepole. Huyu wa tumbo, hata funda moja usimpe. Hakuna kidogo tunajua ni salama."

Usiku ule alimweleza Thaddée. Mume akamshauri: "Useme umeokoka upya, hauonjake tena."

"Niokoke, na niendelee kuuza?"

Thaddée akafungua kitabu chake cha nyimbo.

Kesho yake benchi la wateja nje ya nyumba yake likajaa. Wa kwanza alikuwa Venuste, mteja wake wa tangu wafike, mtu wa utani. Pélagie akachota, akagusisha mdomo kwenye kikombe, akamnyooshea. Venuste hakukipokea.

"Mama Sonia, leo unapiga kikombe busu tu?"

Wenzake wakacheka.

"Nimeonja."

"Koo yako haikutembea, mama. Siye tunaangaliaka koo."

Kicheko kikaisha. Mmoja aliyekuwa anakaa akasimama tena. Pélagie alijua neno likitoka hapo litafika makanisani kabla ya jioni: muke wa Thaddée anapika kitu mwenyewe anakiogopa. Na akisema sababu? Sonia alikuwa hapo hapo mlangoni, akipanga mawe yake. Kuanzia leo angeitwa mtoto wa kasiksi, na jina la hivyo halimtoki mtu.

"Niko na mimba," akasema. "Inanitapisha."

"Hata mimba ya huyu ulikuwa nayo," Venuste akasema kwa upole, akimwonyesha Sonia kwa kidevu. "Na ulikuwa unatuonjea vizuri."

Akausukuma taratibu mkono wa Pélagie wenye kikombe, ukarudi hadi kidevuni pake mwenyewe.

"Onja, mama. Tuko na kiu."

Wewe uliyesikia yote haya, tuseme ulikuwa kwenye benchi lile, hukumsikia daktari, umeona tu koo lisilotembea: ungekipokea kikombe?