Unga wa Mwisho wa Mama

Mama alifariki mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, hospitalini Mbarara, na tulipomrudisha Rubondo, kambini kwetu, kumzika, Papa alikuwa ameshaacha kula. Asubuhi chai ya rangi, jioni chai ya rangi, na ukimpelekea sahani anakuambia ameshiba. Ameshiba nini? Wiki ya tatu alishikwa na kizunguzungu, akaanguka katikati ya shamba la maharage, tukambeba hadi nyumbani. Shangazi, dada yake, aliniambia jikoni kwamba kule kwao Kivu aliwahi kumwona mzee aliyemfuata mke wake hivyohivyo, kwa chai. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mkubwa wa watoto, na nilishaliona kaburi la pili.

Siku moja Papa akasema mwenyewe kwamba Noeli atakula ugali. Lakini wa muhogo mtupu, si huu wa mahindi ya msaada ya kupangia foleni. Neno hilo nililishika kwa mikono miwili. Ndani tulikuwa na kikapu kimoja cha mihogo mikavu ambayo Mama aliimenya, akailoweka, akaianika juu ya bati kabla hajaugua. Hakukuwa na mingine.

Kaka yangu, ambaye alikuwa anabeba mizigo sokoni Mbarara, tulimtuma alete nyama na mafuta. Akafika mkesha wa Noeli na mti wa plastiki wenye taa za umeme. Taa za umeme! Nyumba ya udongo, hata betri ya redio hatuna. Alijitetea kwamba Mama angeufurahia. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, naye akaenda kuusimamisha pembeni ya kitanda cha Papa, amenuna.

Mimi nikachukua kikapu, nikaenda kwenye mashine ya kusaga. Foleni ilikuwa ndefu, kila mtu anataka unga wa sikukuu. Aliyenitangulia alikuwa amesaga mahindi na maganda yake kwa ajili ya nguruwe. Ilipofika zamu yangu nikamimina mihogo yote kwa mara moja, nikifurahi kwamba nimewahi. Unga ukatoka na pumba za kahawia tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikamfokea mwenye mashine, naye akanijibu, bila hata kuniangalia, kwamba mashine ni ya wote.

Nyumbani shangazi alitia mkono ndani ya unga, akaniuliza kama sikutanguliza bakuli. Bakuli gani? Kumbe Mama kila mara alikuwa anatanguliza bakuli moja la mihogo yake kuisafisha mashine, unga huo wa kwanza anawapa kuku, ndipo anamimina mingine. Miaka yote hiyo mimi nilimbebea kikapu mpaka mlangoni, halafu nakimbilia michezo. Nilijichukia. Tulichekecha mpaka mikono ikafa ganzi, na pumba zikabaki.

Asubuhi tulienda kanisani tumevaa kitenge kimoja wote, kama kila mwaka. Kwetu siku ya Noeli kila familia inasimama mbele na kuimba wimbo wake. Wetu alikuwa akiuanzisha Mama. Mwaka ule nikauanzisha mimi, juu mno, na kufika kwenye kiitikio hakuna aliyeweza kuufikia isipokuwa mdogo wetu wa miaka sita, ambaye alipiga kelele tu. Watu walicheka kwa upendo. Halafu watoto wakaigiza wachungaji wa Bethlehemu, na jirani mmoja mfugaji akawaazima ndama wa kweli. Ndama akala majani yote ya migomba yaliyopamba madhabahu, akakataa kutoka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona haya, mwezi haujatimia vizuri tangu tuzike. Papa alikaa benchi la nyuma, ameshika fimbo yake, hakucheka.

Tuliporudi nikasonga ugali. Ulikatikakatika, hauvutiki, una madoa. Nikaupeleka mezani na sombe ya majani ya muhogo, nimeshapanga jinsi ya kumwomba msamaha. Papa akamega tonge, akatafuna pole pole. Wote tulikuwa tunaangalia mdomo wake.

"Iko muzuri sana," alisema. "Muniongezee."

Tukamwongeza. Akala tena, akaomba tena. Shangazi akapiga vigelegele, kaka akapiga meza, watoto wakaanza kuimba. Mimi nikatoka nje, nikaenda nyuma ya nyumba, nimekunja ngumi.

Shangazi akanifuata, akaniuliza nalia nini wakati baba yangu amepona. Nikamwambia Mama alimpikia mtu yule kila siku ya Mungu, ugali mweupe kabisa, na kila siku mtu yule aliutia dosari: leo maji mengi, leo mgumu, leo umechelewa. Mama anacheka, anamwahidi kwamba wa kesho utakuwa mzuri.

"Hakumuambiaka Mama vile hata siku moja," nikasema. "Hata moja, shangazi."

Shangazi alikaa chini karibu yangu, akafungua kilemba chake, akakifunga upya.

Ndani Papa akaita, akauliza kama kuna ukoko umebaki. Nikafuta uso, nikaingia, nikamkwangulia sufuria.