Bi Kigoda na Kebo ya Mkiani

"Shangazi, kwani kazi yako ni kukaa tu?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa miaka minane, na aliuliza kwa sauti ileile ambayo watoto huulizia kwa nini mwezi unatufuata. Hakuwa na ubaya wowote. Baba yake alikuwa amemleta kwenye banda la ndege asubuhi ile, na tangu afike kulikuwa na jambo moja lililokataa kuingia kichwani mwake. Baba yake, fundi wa ndege, alikuwa amelala kifudifudi ndani ya mkia wa ndege, miguu tu ikionekana, jasho likimtiririka na laana zikimtoka. Shangazi yake, ambaye naye ni fundi, tena fundi hodari, alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mlango, mikono mapajani, anamtazama.

Banda zima lilicheka. Rubani alikuwa anakunywa chai, ikampalia.

"Bi Kigoda," alisema akijifuta kidevu, "leo umepatikana. Mjibu mheshimiwa."

Bi Kigoda ndilo jina alilopewa kazini, na hakulipenda. Zamani hakuwa na jina la utani, alikuwa na mikono tu. Nyumbani hakuna kilichoharibika kikamshinda: pasi, redio, kitasa cha jirani, hata meno ya bandia ya jirani huyohuyo. Mikono yake ilikuwa kama mbwa mwenye njaa, ikisikia harufu ya kitu kibovu haitulii. Kisha wakampandisha cheo, wakampa leseni ya ukaguzi, na tangu siku hiyo ikawa marufuku kwake kushika kile anachokipenda.

Sheria yenyewe ni rahisi kuieleza ila ni ngumu kuishi nayo. Rubani akivuta usukani, kuna kebo za chuma zinazopita chini ya sakafu, zikipitishwa juu ya makapi, yaani vigurudumu vyenye mfereji, mpaka kwenye vibawa vidogo vya mkiani na vya pembeni. Hivyo vibawa ndivyo vinavyoinua pua ya ndege, kuishusha na kuilaza ikate kona. Injini ikizimika hewani bado rubani ana la kufanya. Hizo kebo zikikosewa, hana. Kwa hiyo fundi akigusa chochote katika njia ile, hata akilegeza nati moja na kuirudisha palepale, ndege hairuki mpaka ikaguliwe mara mbili. Mara ya kwanza anakagua aliyeifanya kazi. Mara ya pili anakagua mwenye leseni ambaye hakutia mkono kabisa, na kabisa maana yake ni kabisa. Bi Kigoda hakuwa akikubali hata kumshikia mtu tochi.

Katika kampuni ile ndogo wenye leseni walikuwa wawili tu, yeye na kaka yake, baba wa yule mtoto. Kaka anatengeneza, yeye ni jicho la pili. Wa tatu alikuwa kwenye uwanja mwingine, ng'ambo ya milima.

Sasa wewe fikiria maisha hayo. Unamwona mtu anahangaika na nati ambayo ungeifungua huku ukipiga mwayo. Unaona amechukua spana isiyo yenyewe. Unaona, unanyamaza, na mshahara unalipwa kwa kule kunyamaza. Jioni anarudi nyumbani amechoka kuliko waliobeba vyuma, na hakuna anayemwamini akisema amechoka.

Siku ile mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu ya Mama.

Mama yao, yaani bibi yake mtoto, alikuwa ameketi ofisini kwenye benchi la abiria, fimbo mkononi, mfuko wa nguo miguuni. Goti lake lilikuwa limemla miaka. Hospitali kubwa ya ng'ambo ya milima ilikuwa imepata daktari mgeni wa mifupa, anayekuja mara moja kwa mwaka, anapasua wiki moja kisha anaondoka. Mama alikuwa amepata nafasi. Sharti lilikuwa afike siku hiyo kabla ya jioni, asipofika nafasi anapewa mwingine. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Bosi, kwa kuwaheshimu mafundi wake wawili, akamwambia Mama apande ndege bure. Ila kiwanja cha kule hakina taa, kwa hiyo ndege ilipaswa kuondoka mapema alasiri au isiondoke.

Na asubuhi hiyohiyo kaka akagundua kwamba kapi moja la mkiani limekwisha. Akalibadilisha, hilo halikumsumbua. Lililomsumbua ni kuunganisha kebo tena. Lazima mmoja aivute, mwingine atie pini, na msaidizi wake alikuwa kitandani na homa. Kaka akabuni namna ya kuivuta kwa waya na kibanio. Ilikuwa inakwenda, lakini kwa mwendo wa kinyonga, na kila akikaribia kebo inateleza, inarudi ndani kwa mlio kama wa mtu anayesonya.

Mtoto alikuwa akienda na kurudi kati ya banda na benchi, akileta salamu.

"Bibi anauliza, hiyo ndege mnaitengeneza au mnaizaa?"

"Mwambie mke mwenzako asubiri," sauti ikatoka mkiani.

Hapo ndipo mtoto alipomtazama shangazi yake kwenye kigoda, akauliza swali lake, na watu wakacheka.

"Mwacheni dada yangu," kaka akasema kutoka ndani. "Yeye ameajiriwa kuhesabu jasho langu."

Ulikuwa utani, na wote walijua ni utani. Kisha kebo ikateleza tena, ikasonya, na kaka hakulaani safari hii. Akasema polepole, kama mtu anayeongea na ukuta, "Ningepata mkono mmoja tu."

Bi Kigoda akainuka.

Hakuamua kuinuka. Miguu ilikwenda, mkono ukaokota koleo sakafuni, ukapenya kwenye kidirisha kilicho chini ya mkia, ukaipata kebo gizani, ukaishika na kuivuta. Rubani na wengine walikuwa wameshatoka nje kutazama mawingu. Kaka, kule ndani, alihisi kebo imelegea upande wake na hakuuliza. Akatia pini.

"Imeingia," akasema.

Bi Kigoda akatoa mkono, umejaa grisi mpaka kwenye kifundo. Alikuwa anatabasamu. Ilikuwa miaka mingi tangu vidole vyake visikie chuma kikitii.

"Umeona?" akamwambia mtoto. "Leo nimefanya kazi."

Kaka akajivuta nje kinyumenyume, akasimama, akageuka kumshukuru rubani. Akamwona dada yake na koleo. Furaha ikamtoka usoni kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Ni wewe?"

Naye ndipo akajiona.

Walisimama hivyo, kila mmoja akingoja mwenzake aseme neno litakalorudisha dakika ile nyuma. Kaka ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini.

"Hakuna aliyeona."

"Mwanao yupo."

"Mtoto hajui alichokiona. Kagua, tia saini, twende zetu."

"Kaka."

"Basi naitoa hiyo pini. Naifungua yote, narudia peke yangu kwa waya. Wewe kaa kwenye kigoda chako. Itakuwa hukushika."

"Muda hautoshi. Na hata ungetosha, bado nimeshaingia humo. Nikimulika pale nitaona pini niliyoisikia ikiingia, hata kama haipo."

"Wewe si mtu wa kuona kisichokuwepo."

"Niliwahi," alisema.

Kaka alikuwa anakijua kisa hicho, lakini hakupenda kukisikia wakati ule. Alipokuwa fundi mpya, Bi Kigoda aliunganisha kebo za vibawa vya pembeni akazipishanisha, ya kushoto ikaenda kulia. Akajaribu usukani: vibawa vinakwenda, vinarudi, laini kama siagi. Akakagua tena, akaridhika. Kisha akaja mkaguzi mmoja mzee, mtu wa kukohoakohoa, akakaa mahali pa rubani, akauzungusha usukani kushoto na kuushikilia. Akamuuliza, "Kibawa cha kushoto kinatakiwa kiwe wapi?" Akasema juu. "Na kiko wapi?" Akakitazama, jua likiwa linawaka, akajibu, "Juu." Mzee aliendelea tu kuushikilia usukani. Ilibidi Bi Kigoda akitazame tena ndipo akaona kwamba kimelala chini.

"Nilikiangalia kwa macho haya," alimwambia kaka yake. "Nikaona mkono wangu ulichotaka."

"Mama yuko pale kwenye benchi."

"Najua Mama aliko."

"Basi nenda kamwambie wewe. Mimi sina huo mdomo."

Kwanza alimwambia bosi. Bosi hakugomba, na afadhali angegomba. Alivua miwani, akaiweka mezani. "Miaka yote hii," alisema, "umekataa hata kunishikia kikombe karibu na ndege. Leo, kati ya siku zote." Akapiga simu ng'ambo ya milima. Mkaguzi wa kule angefika kesho asubuhi. Akapiga hospitali. Wakamwambia kwa adabu kwamba orodha ya wagonjwa inafungwa jioni na wanaosubiri nafasi ni wengi. Rubani, alipoelezwa, aliitazama ndege nzima na nzuri iliyosimama pale, akamtazama Bi Kigoda, akaenda kumwaga chai yake nje.

Mama alikuwa amejifunga kitambaa kizuri cha safari.

"Mama, ndege haitaruka leo."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Imepona."

"Sasa?"

"Aliyeharibika ni mimi. Nimeishika."

"Umeishika, ikafanyaje?"

"Haikufanya kitu."

Mama alijaribu kuielewa habari hiyo kutoka pembe moja, akaigeuza, akajaribu kutoka pembe nyingine. Ndege nzima. Rubani yupo. Mafuta yamo. Na haendi, kwa kuwa binti yake ameisaidia.

"Nimezaa mafundi wawili," alisema mwishoni, "na goti langu linarudi nyumbani kwa miguu." Akanyoosha mkono kwa mjukuu. "Mke mwenzangu, nipe fimbo. Tuwaache wenye elimu."

Huko nyumbani kila ngazi aliyopanda alipanda kiubavu, mkono kwenye ukuta, huku binti yake akimfuata nyuma asijue ashike wapi.

Kesho yake mkaguzi wa ng'ambo alikuja kwa ndege nyingine. Alifanya kazi yake bila haraka. Alimulika kila kapi, akapitisha kioo chake kidogo chini ya kila pini, akauvuta usukani na kuusukuma huku kaka akimwambia kibawa kimekwenda wapi, kisha wakabadilishana akatazame mwenyewe. Bi Kigoda alisimama mbali. Alijikuta anaomba kipatikane kitu, waya uliolegea, chochote. Alijionea aibu kwa ombi hilo, na bado akaendelea kuomba.

"Safi," mkaguzi alisema. "Sina la kusema. Kazi nzuri."

Kaka alirusha spana zake ndani ya boksi moja baada ya nyingine, zilie.

Ndege ikaruka. Goti likabaki. Kwa mwaka mzima Mama alitembea kama meza yenye mguu mfupi, na daktari mgeni aliporudi ndipo likapasuliwa. Sasa anatembea vizuri, ila mvua ikikaribia lazima amkumbushe kila mtu. Kwa miezi kadhaa kaka alizungumza na dada yake kupitia kwa mtoto, hata wakiwa meza moja. "Mwambie shangazi yako anipishie chumvi." "Mwambie baba yako chumvi iko mbele yake." Kazini Bi Kigoda akageuka kuwa Bi Koleo, na vijana wakamwombaomba mkono kwa dhihaka: shangazi, njoo utushikie kidogo. Alirudi kwenye kigoda chake. Usiku, watu wa nyumbani walipokuwa wamelala, alikuwa akifungua redio nzima na kuifunga tena, redio ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Kaka hakumsamehe kwa maneno. Siku moja tu aliita kutoka chini ya bawa, "Dada, njoo utazame," naye akaenda akatazama, na ikawa imekwisha.

Yule mtoto sasa yuko sekondari. Jumamosi huwa anakwenda bandani akiwa ameshamaliza kufua sare zake, na anauliza maswali mpaka rubani anajificha. Kebo ipi inavuta nini, kwa nini kapi linakwisha upande mmoja, nani anamkagua mkaguzi. Jumamosi moja alimkuta baba yake, mwenye mvi sasa na miwani inayoshuka puani, akipambana na nati ndani ya bawa. Ikadondoka. Akaitafuta, akairudisha, ikadondoka tena. Shangazi alikuwa kwenye kigoda. Shavu lake lilikuwa likitetemeka kidogo kila nati ilipogonga sakafu.

Binti akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa karibu naye.

"Shangazi, kuna swali langu hukunijibu."

"Lipi tena?"

"Lile la zamani. Kama kazi yako ni kukaa tu."

Nati ikadondoka. Shangazi akaifuata kwa macho ikibingirika mpaka ilipolala, karibu kabisa na kiatu chake, na hakuigusa.

"Ndiyo," alisema. "Ni kukaa. Na siku uliyoniuliza, kazi ilinishinda."