Peasi za Chumba cha Sita Zilizogoma Kuiva

Saa moja na robo asubuhi ya Alhamisi, kabla mashine za kupanga matunda hazijawashwa, Deolinda Carriço anapiga magoti kwenye sakafu ya saruji mbele ya chumba cha sita cha kuhifadhia matunda. Anafanya ishara ya msalaba. Anafungua kidirisha kidogo kilicho chini ya mlango, anageuza uso pembeni, kisha anaingiza wavu wenye mpini mrefu.

Uso wake hausogelei kidirisha. Ndani ya chumba hicho kuna baridi kali, na oksijeni imepunguzwa mpaka karibu kuisha, ili matunda yalale. Mtu akiingiza kichwa, pumzi mbili zinatosha. Mume wake, Firmino, aliingiza kichwa miaka kumi na moja iliyopita akifuata peasi moja iliyodondoka.

"Peasi moja," anasema Deolinda, mwenye umri wa miaka 58, akivuta wavu nje. "Hata kubwa haikuwa."

Baada ya maziko, ushirika wa wakulima ulimpa kazi ya marehemu. Anaifanya mpaka leo kwa yuro 910 kwa mwezi. Kila Alhamisi anatoa peasi kumi katika kila chumba, anaziweka kwenye rafu ya ofisi yenye joto kama la jikoni, na kuzisubiri siku saba. Siku ya saba anaminya kila moja karibu na kikonyo. Ikibonyea, chumba hicho kiko tayari kwenda sokoni.

Za chumba cha sita hazijabonyea tangu Novemba. Sasa ni Machi.

Anachukua moja ya wiki iliyopita na kuigonga juu ya meza. Inalia kama jiwe. Ni ya kijani vilevile kama siku ilipochumwa, ila ngozi imeanza kukunjamana.

"Imezeeka bila kuwa kijana," anadakia Graça, mpanga matunda anayepita na kikombe cha kahawa. "Kama shemeji yangu."

"Nenda kazini, wewe," Deolinda anamjibu. Hacheki.

Katika vilima hivi kila mtoto anajua kwamba peasi haiivi mtini. Ukiiacha huko, inaoza kuanzia moyoni huku nje ikikuchekea. Lazima ichumwe ikiwa ngumu, ikae kwenye baridi, na baridi hiyo ndiyo inayoiamsha. Huanza kutoa gesi yake yenyewe ya kuivisha, na gesi hiyo huita nyingine zaidi. Ndani ya siku chache inalainika na kuwa tamu.

Ili ziweze kukaa hadi Pasaka, wenye vyumba huzipulizia dawa inayoziba masikio ya tunda, lisisikie wito wa gesi hiyo. Kwa peasi iliyokomaa, dawa huisha nguvu polepole na tunda huamka. Kwa iliyochumwa changa, huenda tunda lisiamke kamwe.

Chumba cha sita kina tani 240, mavuno ya familia thelathini na moja. Februari malori mawili yalirudishwa na wanunuzi. Mwenyekiti wa ushirika, Evaristo Pimenta, aliitisha mkutano wa Jumapili: wapige kura ama kusubiri, ama kukifungua chumba na kuwapa ng'ombe kila kitu. Wengi walikuwa wameshasema kwamba ng'ombe wakila, wao watang'oa miti.

Tumaini lililobaki lilikuwa bahasha ya majibu kutoka maabara ya chuo kikuu kimoja huko Lisbon, ambako Deolinda alikuwa amepeleka peasi thelathini.

Mtafiti Noémia Salvaterra aliileta mwenyewe siku hiyohiyo ya Alhamisi. Alikaribishwa supu ya sukumawiki na mkate, akaeleza huku akila.

"Jeni ni maagizo, Mama Deolinda. Kila chembe ya tunda inayo, tangu ua lilipochanua. Mimi siulizi kama yapo. Nauliza ni yapi yanafanya kazi leo."

"Kama kitabu cha sala," alisema Deolinda. "Kipo kanisani mwaka mzima. Kisiposomwa, ni karatasi."

"Ndiyo hivyo. Sasa, jeni za kutengeneza gesi ya kuivisha, na zile za kulainisha nyama ya tunda, nimezipima katika peasi zote thelathini."

"Na?"

Noémia aliweka kijiko chini. "Ishirini na sita zimenyamaza kabisa. Nne zimeanza kunong'ona."

"Nne."

"Nne, mama. Samahani."

Deolinda aliuliza swali moja tu zaidi: je, inaweza kujulikana kwa nini? Mtafiti alisema dalili zote ni za tunda lililochumwa kabla ya wakati na kupigwa dawa siku ileile. Deolinda aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa jina lake mwenyewe.

Agosti iliyopita, wiki ya joto la nyuzi 41, peasi zilikuwa zinaungua upande wa jua zikiwa bado mtini. Wakulima walikuja na peasi za kupimwa, mmoja baada ya mwingine. Kazi ya Deolinda ilikuwa kukata peasi katikati na kuichovya kwenye iodini. Penye wanga pote hugeuka peusi. Weusi ukiwa umerudi nyuma kutoka moyoni, tunda limekomaa. Ukiwa umejaa mpaka katikati, mkulima anarudishwa nyumbani na kuambiwa angoje wiki.

"Ulikuwa umejaa," anasema. "Mweusi kama kaniki. Nikaandika kwamba ziko tayari."

Anapoulizwa kama kuna mtu aliyemshinikiza, anafuta kisu kwa aproni, taratibu, pande zote mbili. "Watu walikuwa wanasubiri. Joto lilikuwa kali. Mkono ulioandika ni wangu."

Mkutano ulifanyika ghalani, mara tu baada ya misa. Wanaume walikalia kreti zilizopinduliwa, wanawake walisimama ukutani na makoti yao ya kanisani. Mwenyekiti alisoma majibu ya maabara mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyeamini.

"Dawa ilikuwa mbovu!" alipaza sauti mzee mmoja.

"Dawa ni ileile ya vyumba vingine vyote," alijibu mwenyekiti.

"Basi ni mitambo ya baridi! Au mafundi! Tumwite fundi hapa!"

Fundi wa mitambo, kijana wa watu mwenye watoto wawili, alikuwa ameinuka mlangoni na kofia mkononi, uso umempauka. Hapo ndipo Deolinda alipotoka ukutani.

"Fundi hana kosa. Matunda yalikuwa machanga. Niliyapima mimi, nikaona weusi mpaka moyoni, nikaandika kwamba yako tayari."

Katika safu ya mbele kaka yake, Albano, ambaye theluthi ya matunda ya chumba cha sita ni yake, hakugeuka.

"Kaa chini, Deolinda," alisema.

"Nimekaa chini miezi saba, kaka."

Kura zilikuwa ishirini na mbili za kufungua, tisa za kusubiri. Jumatatu mlango wa chumba ulifunguliwa, feni zikaendeshwa siku nzima, na Jumanne malori ya ng'ombe yakaanza kupakia. Mwenyekiti alimwambia Deolinda kwamba jambo lake litaamuliwa mwezi ujao. Njiani kuelekea nyumbani, wanawake aliosali nao miaka thelathini walivuka barabara wasikutane naye. Graça peke yake alimfuata na mkate chini ya kwapa.

"Nimekuletea mkate. Usinishukuru, umeungua."

Kabla malori hayajaondoka, Deolinda aliokota peasi arobaini na kuzipanga kwenye dirisha la jikoni, chini ya picha ya Firmino. Kila jioni aliziminya moja baada ya moja, akisema Salamu Maria kwa kila tunda. Siku ya tisa hakuna. Siku ya kumi na tano hakuna. Siku ya kumi na tisa moja ilibonyea karibu na kikonyo, kidogo tu, kama shavu la mtoto.

Hakuila. Aliifunga kwa karatasi na kuiweka juu ya ukuta wa nyumba ya kaka yake, kisha akaondoka bila kubisha hodi.

Nilimkuta Albano wiki iliyofuata shambani kwake. Trekta lilikuwa limeshang'oa safu kumi na nne za miti aliyoipanda baba yao. Mizizi ilikuwa imelala juu, bado ina unyevu.

"Wewe ndiye wa gazeti?" aliuliza. "Kakwambia nani alikuwa nyuma yake siku ile ya iodini?"

Nilimjibu kwamba hakutaja mtu.

Alivua kofia, akaifuta kwa ndani ingawa haikuwa na jasho. "Basi andika. Nilikuwa mimi. Nilimwambia, dada, zinaungua, andika tu, kwani nani atajua? Alinitazama. Nikamwambia, Firmino asingenifanyia hivi." "Jina la marehemu, bwana. Nilitumia jina la marehemu."

Nilimuuliza kuhusu ile peasi ya ukutani.

"Niliila nimesimama palepale."

"Ilikuwaje?"

"Tamu. Ndilo baya lake. Ilikuwa tamu kama za zamani."

Safu mbili zilizo karibu na kisima hajazing'oa. Alisema trekta liliishiwa mafuta, ingawa galoni lililojaa lilikuwa pale pale kwenye nyasi. "Mwambie Agosti nitaleta peasi za safu hizi. Azikate mbele ya watu wote, mimi nikiwa mbele yake, si nyuma."

Ujumbe huo nilimfikishia Deolinda katika chumba cha sita. Mlango ulikuwa wazi, hewa imerudi, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe alikuwa ndani, akifagia majani makavu. Bado hajui kama atabaki na kazi. Amemwandikia mwenyekiti barua ya kuomba mambo mawili: kwamba matunda ya ndugu wa mpimaji yapimwe na mtu mwingine, na kwamba kila peasi iliyokatwa iachwe mezani mpaka jioni, kila mkulima aone rangi yake.

Na wakimfukuza?

"Nitakuja kusimama na wakulima," anasema, akikusanya taka kwenye koleo. "Mlango uko wazi kwa kila mtu. Nikiona weusi, nitasema weusi."