Mabeseni ya Mama Hannah

Shangazi yangu Fridah alienda Jeddah mwaka 2014 kufanya kazi za nyumbani, lakini kazi yake kubwa ikawa kumtunza Mama Hannah. Huyu alikuwa Mwingereza aliyeolewa na Msaudi zamani sana, na binti yake ndiye aliyekuwa madam wa shangazi. Ukutani kulikuwa na picha ya nyumba alikozaliwa Mama Hannah, kijijini Uingereza: kuta za mawe, paa la nyasi. Ati ina miaka mia nne na watu hutoka mbali kuiona. Shangazi alishangaa. Kwetu Lugari kila mtu anang'oa nyasi aweke mabati, na hawa wanazitunza kama yai.

Kisha Mama Hannah akavunjika nyonga. Daktari akakataza asikanyage chini hata kidogo. Na kumbukumbu zake zilikuwa zinapotea.

Alasiri moja mvua ikanyesha, ile ya Jeddah inayokuja mara chache na kugeuza barabara mito. Mama Hannah akaanza kusukuma shuka, akisema paa la nyasi linavuja, lazima ainuke akinge maji. Madam akamweleza polepole, halafu kwa ukali, kwamba hapa ni Jeddah, mafi nyasi, hakuna nyasi, juu ni zege tupu. Mama akalia. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje ya kitanda. Madam akatoka mbio kumpigia daktari.

Shangazi anasema hakufikiria sana. Alikimbia jikoni, akarudi na mabeseni na sufuria.

"Linavuja wapi, Mama?"

"Pale. Na pale dirishani."

"Nimeweka. Hata kwetu tulikuwa tunakinga hivi. Wewe lala, yakijaa nitamwaga."

Mama Hannah akamtazama kama jirani wa kijijini kwao. "Kwenu ni mbali na kanisa?"

"Karibu sana."

Akaurudisha mguu.

Madam alipoingia alikuta zulia lake limejaa sufuria kavu. Shangazi akajua halas, yamekwisha, leo anarudishwa kwa ajenti aliyemletea kazi. Lakini madam alisimama tu akimwangalia mama yake aliyetulia, shuka imefika kidevuni. Akatoka, akarudi na bakuli kubwa la kukandia unga, akapiga magoti.

"Na hili, Mama, niliweke wapi?"

"Hapo hapo ulipo," Mama Hannah akasema. "Na ujifunike kichwa, mwanangu, utalowa."