Uso wa Mtoto niliuharibu mimi, si Fundi Twaha

Bado haijaniingia akilini. Jumanne nilipata habari za kifo cha Twaha saa nne asubuhi, na nilipofika kwao Kibokoni wanaume walikuwa tayari wanarudi kutoka makaburini.

Kwa wasiomjua: Twaha alikuwa fundi wa nakshi. Milango mingi ya Mji wa Kale mnayoipiga picha imepita mikononi mwake. Mimi ni mtunza stoo wa kanisa letu hapa kisiwani, mwaka wa ishirini na mbili huu.

Alikuja kututengenezea mlango wa stoo ulioliwa na mchwa. Ndipo akamwona Mama Maria nyuma ya viti vibovu, sanamu ya mti, amembeba Mtoto Yesu.

Sisi tulishamzoea. Kila mwaka kabla ya sikukuu yake ya Agosti nilikuwa nampaka rangi mwenyewe, ile inayobaki tukishapaka geti. Buluu ya kung'aa. Nilijiona mtu wa ibada kweli.

Twaha alimgonga kwa ukucha, akanusa mgongoni palipochubuka. "Samson, huyu mumempaka mara ngapi?"

Nikamwambia kila mwaka.

"Masikini. Joto lote hili la Mombasa, na makoti yote hayo mumemvisha."

Alisema mti ule si wa huku. Padri akaita wataalamu, wakaja na mataa yao. Wakasema amechongwa Ureno, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, na chini ya rangi yangu ya geti kuna rangi yake mwenyewe, na dhahabu.

Mtaalamu mmoja, mama wa makamo, akamfundisha Twaha wiki sita kisha akamwachia kazi. Mimi nikawekwa nimsaidie.

Watu wa kwao walimuuliza, wewe Mwislamu na sanamu ya kanisa wapi na wapi? Akawajibu, "Mimi natengeneza mbao. Ibada ni yao."

Kazi yenyewe ilikuwa kisu kidogo kama cha daktari, na kijiti chenye pamba iliyolowa mate. Ndiyo, mate. Yule mama alisema hajaona dawa laini kuyashinda.

Ramadhani ikaingia. Twaha akanikabidhi kijiti. "Mimi nimefunga, mdomo mkavu. Leo ataoshwa kwa mate yako, na usiwe umekula kitunguu."

Kutwa nzima tunamaliza sehemu kama ukucha wa kidole gumba. Siku shavu la Mama lilipotokea, na wekundu wake kwa mbali, nililia. Twaha akajifanya anatafuta pamba.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Sikukuu ilikaribia na Askofu alikuwa anakuja. Nilishajigamba kwa Padri na kwa kamati kwamba sanamu itakuwa tayari. Uso wa Mtoto ulikuwa bado umefunikwa.

Ijumaa Twaha alikwenda kuswali. "Usimguse mpaka nirudi," akaniambia. "Nakujua, wewe wenda mbio."

Alipotoka tu nikachukua dawa ya kutolea rangi ya geti, nikampaka Mtoto usoni. Kidogo tu, nikasema. Twaha akirudi atafurahi.

Rangi yangu ilitoka. Ya zamani ikatoka nayo. Macho, midomo, vyote vilikuja na kitambaa. Ukabaki mti mtupu.

Twaha aliporudi hakunigombeza. Alifungua dirisha harufu itoke, akaketi sakafuni.

Kamati ikaita meeting. Mwenyekiti akauliza ni nani kafanya hivi. Twaha akanitazama, akangoja. Mimi nikainama. Mwishowe akasema, "Kazi nilikabidhiwa mimi."

Nje akaniambia polepole, "Una watoto skuli, najua. Lakini siku moja useme, ndugu yangu. Hata nikishaondoka, wewe useme."

Wakamwondoa. Halafu maneno yakaanza, kwenye group na nje ya kanisa: Mwislamu yule alifanya makusudi, dini yake haitaki sanamu. Mara ya kwanza niliyasikia nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nikaendelea kunywa chai.

Kazi za makanisa zikamkatikia. Wanawe wakaulizwa shuleni kama ni kweli baba yao anachukia Wakristo.

Miaka mitatu. Tukikutana jioni kule baharini Mama Ngina ananisalimu yeye kwanza, ananiulizia watoto kwa majina, ananimegea muhogo wake. Hakuniuliza tena habari ile. Mimi kila mara nasema moyoni, mwezi ujao.

Jana nilirudi kwao kutoa pole. Nikamwita binti yake mkubwa, Rukia, pembeni, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtandio ameuvuta mdomoni.

"Twajua, ami Samson," akasema. "Baba alituambia siku ile ile. Akatukataza kusema. Alisema tukusubiri, wewe mwenyewe utasema."

 

Kwa hiyo nyumbani kwake walijua. Ambao hamkujua ni ninyi, na mimi ndiye niliyewaacha hivyo. Yule mtu hakuharibu kitu. Niliharibu mimi, kwa mkono wangu na kwa haraka yangu, kisha nikaacha dini yake itukanwe.

Padri nimemweleza leo asubuhi. Kesho Jumapili baada ya misa nitasimama mbele ya waumini wote. Wakiniondoa stoo, ni haki yao.

Wewe uliyesambaza yale maneno kwenye group, nakuomba usambaze na haya.

Twaha, nimesema. Ulinisubiri miaka mitatu, nimechelewa siku nne. Lala salama, ndugu yangu, huna deni la mtu. Mimi bado niko macho.